Taya Ndogo za Mfukoni

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi mjini Bariadi ukaomba koleo, muuzaji hatakuuliza la namna gani. Ataingia ndani na kutoka na bapa la chuma lenye mpini wa mti, kile chombo cha kuzolea mchanga na kokoto. Umwambie hapana, unataka la kubania waya, naye atacheka kidogo na kulirudisha ukutani: "Si ungesema plaizi, mzee!" Mmeelewana, pesa imepita, mmeagana vizuri. Ila mtu mwenye ugonjwa wa maneno hatoki dukani hapo kirahisi. Hili koleo lilikwenda lini kufanya kazi ya beleshi? Na nani aliliachisha zamu yake ya kubana?

Nauliza kwa sababu ya kitu kidogo kuliko koleo na plaizi zote za dukani. Viko visu vya kukunja vyenye zana nyingi tumboni. Siku za mnada, kati ya ng'ombe, mitumba na sufuria, machinga huvipanga juu ya turubai pamoja na tochi, redio na vikata kucha. Vingi ni vya Kichina na bei yake ni ya kupatana. Ukikifungua kimoja kinachanua: makali, bisibisi, msumeno wa kitoto, kifungua kopo, na katikati au pembeni taya mbili ndogo za kubania. Baada ya makali yenyewe, sioni humo kitu chenye faida kuliko taya hizo. Na ndizo zisizo na jina linalotulia. Bisibisi inajulikana, msumeno unajulikana. Hata kile kidude cha kuzibulia chupa za mvinyo, ambacho mkulima wa pamba wa Itilima anaweza kufa bila kukihitaji, kina jina safi kabisa: kizibuo. Taya zinaitwa "hiyo ya kubania".

Tuanze na koleo, maana ndilo lenye kesi. Koleo ni neno la mhunzi. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939, ile yenye jina la Frederick Johnson, inalieleza kwa kazi ya kushika na kubana. Na ndivyo ilivyokuwa katika kiwanda cha mfua chuma. Zana hazikuwa nyingi, lakini kila moja ilikuwa na jina lake la kuzaliwa: mvukuto wa kuamsha moto, fuawe la kufulia, nyundo, na koleo la kukishika chuma kikiwa chekundu. Mkono wa kuume ulipiga, wa kushoto ulishika koleo. Watu husifu nyundo kwa sababu ina kelele, lakini aliyewahi kutazama ufuaji anajua kwamba chuma kikiteleza kwenye koleo hakuna pigo litakalokifaa.

Usukumani chuma kilikuwa na wenyewe. Majembe ya zamani, kabla ya yale ya meli, yalifuliwa na Walongo wa Buzinza, upande wa Geita, na yalisafiri mbali kusini mwa Ziwa Victoria kama bidhaa na kama mahari. Ukifika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, utaikuta nyumba ya mhunzi ikiwa na heshima yake kati ya nyumba nyingine. Kisha majembe ya viwandani yakaja kwa wingi na kwa bei nafuu, moto wa mhunzi ukazimika katika vijiji vingi, na zana zake zikabaki majina bila kazi. Fuawe leo ni neno la mtihani. Mvukuto tunaukumbuka kwa sababu ya methali ya mwana wa mhunzi, yule ambaye asiposana huvukuta. Koleo lilikuwa na bahati: lilipofukuzwa kiwandani likapata ajira kwingine.

Ajira yenyewe ndiyo hii ya mchanga. Soma habari yoyote ya Tanzania kuhusu msaada wa vifaa vya usafi au ujenzi wa shule kwa nguvu za wananchi, utaona orodha ileile: majembe, mafagio, reki, makoleo, sururu, toroli. Hakuna anayedhani makoleo hayo ni ya kubania. Ninavyokisia mimi, na ni kisio tu, daraja lilikuwa makaa ya moto. Koleo la mhunzi lilichukua kaa ambalo mkono hauwezi kulishika. Bapa la chuma nalo huchukua makaa, majivu na mchanga. Vyote viwili ni mkono wa kuazima. Kazi ya "kuchukua" ikakua, kazi ya "kubana" ikasinyaa, na neno likahamia upande wenye mzigo. Sioni haja ya kuwalaumu wajenzi. Walikuta neno limekaa bure wakalipa kazi, na wanalitumia kwa ukali na uhakika ambao waandishi wa kamusi wangeutamani.

Nafasi iliyoachwa wazi ikachukuliwa na plaizi. Hili liliingia na sanduku la zana la gereji, pamoja na spana, jeki, rimu na gasketi. Likaingia vizuri, likakaa katika ngeli ya jamaa zake: plaizi hii, plaizi hizi. Hapo Kiswahili kilifanya jambo ambalo mimi hulifurahia kila ninapolikumbuka. Waingereza huitaja zana hii kwa wingi hata ikiwa moja, kwa sababu wanahesabu miguu yake miwili. Mkasi nao huutaja hivyohivyo, na suruali. Sisi tumeiona ile miguu imepigiliwa kwa ribiti moja, tukasema ni kitu kimoja. Plaizi moja, mkasi mmoja, suruali moja. Neno lilipovuka mpaka liliacha hesabu yake ng'ambo.

Bariadi nayo ikaliongezea lake. Kisukuma hakina ugomvi wa r na l kama wa Kiswahili, kwa hiyo wako wasemao plaizi na wako wasemao praizi, na hakuna anayekosa zana kwa sababu hiyo. Lakini kikubwa zaidi ni kile kiambishi cha udogo. Kiswahili cha vitabu kikitaka kudogosha hutumia ki-: kitoto, kijumba, kisu chenyewe kikiwa kitu cha ki- tayari. Kisukuma, kama lugha nyingi za bara, hudogosha kwa ka-, na wingi wake ni tu-. Msemaji wa Bariadi hukihamisha kiambishi hicho hadi kwenye Kiswahili chake bila kuomba ruhusa. "Nipe kaplaizi kale." "Haka kakisu umekatoa wapi?" Mwalimu wa Kiswahili atakunja uso na kalamu nyekundu itafanya kazi. Sikio langu husikia kingine: mtu anayetaja kitu kidogo kinachomfaa, na sauti inalainika. Ki- ya vitabuni inaweza kudogosha na kudharau kwa pumzi moja, kama katika kijitu. Ka- ya kule, kwa kitu cha mkononi, mara nyingi hubembeleza.

Sasa tukitazame kitu chenyewe, maana jina lisilojua kazi ni la bure. Koleo dogo ni nyenzo mbili zilizokutana kwenye egemeo moja. Somo la fizikia la sekondari linatosha kuzieleza. Ukibana mkono wa zana umbali wa sentimita 6 kutoka kwenye ribiti, na kitu kikawa kwenye taya umbali wa sentimita 2, kitu hicho kinapata nguvu mara tatu ya ile ya kiganja chako, ukiondoa kidogo kinachopotea kwa msuguano. Sogeza kitu ndani zaidi, karibu na ribiti, nguvu inaongezeka. Ndiyo maana sehemu ya kukatia waya huwekwa huko ndani kooni na si nchani. Ncha ina kazi ya kufika, koo lina kazi ya kuuma. Vikoleo vya kisu cha mfukoni vina mikono mifupi, kwa hiyo nguvu zake ni haba, na anayevinunua akitegemea kufungulia nati ya gurudumu la pikipiki atarudi mnadani kugombana na machinga.

Uone jinsi mafundi wanavyokizungumzia. Zana ina mdomo, ina taya, ina meno, ina koo. Plaizi nzuri "inang'ata". Iliyochakaa "haing'ati", au "meno yameisha". Yenye mdomo mwembamba huitwa ya mdomo mrefu, au kwa mafundi umeme, longnozi. Hakuna aliyekaa kikao kuyapanga maneno haya. Mwili wa mnyama uligawiwa kwa chuma kipande kwa kipande, kwa mpango usiogongana. Mafundi haohao ndio waliompa yule mwenzake wa gereji, spana inayopanuka na kubana ikatosha nati ya saizi yoyote, jina la spana malaya. Si jina la kumtajia mkwe, lakini linaeleza tabia ya zana kuliko maelezo yoyote ya kiwandani.

Mahali pa kuona kazi ya taya ndogo ni kwa fundi baiskeli. Mkoa huu wa Simiyu ni nchi ya baiskeli. Hubeba maji, mkaa, magunia, na kabla bodaboda hazijatawala zilibeba abiria na kuitwa daladala katika miji ya Usukumani. Ni nchi ya miiba vilevile: migunga ya malishoni, matawi ya uzio, na ngitili, yale malisho yanayofungwa ili nyasi na miti irudi. Kwa hiyo pancha ni habari ya kila siku. Fundi hutoa mpira, hutafuta tundu kwa beseni la maji, husugua, hubandika kiraka. Anayeanza kazi hudhani kazi imeisha. Fundi hudumbukiza vidole ndani ya tairi na kupapasa taratibu mzunguko mzima, hadi kidole kinaposhtuka: mwiba bado umo. Kichwa chake kilikatika nje kwa mawe ya barabarani, kimelala sawa na mpira, hakishikiki. Kilichobaki ni ncha iliyochungulia ndani, milimita moja au mbili. Kucha haiwezi. Sindano inausukuma tu. Hapo fundi huipindua tairi ngozi ya ndani itazame juu, hubana ncha ile kwa mdomo wa kikoleo, halafu havuti. Anausokota kwanza, robo nyuma robo mbele, mpaka mpira uuachie, ndipo auvute moja kwa moja bila kishindo. Akivuta kwa hasira, ncha inakatika na mwiba unabaki kaburini mwake, na kiraka kipya hakitavuka kituo cha pili. Wahenga walisema mwiba hutokea palepale ulipoingilia. Walikuwa wanazungumzia mguu. Tairi ina sheria nyingine.

Katika kazi hiyo moja kuna vitenzi vinne: kubana, kusokota, kulegeza, kung'oa. Ongeza kunyoosha spoki iliyopinda, kukunja ncha ya waya wa breki isimchome mtu, kukata, kukaza. Mkulima wa pamba ana vyake. Mbegu hupandwa kuanzia Novemba, na wadudu wakianza kazi, bomba la mgongoni halishuki begani. Dawa ikichanganywa na maji yenye mchanga, nozeli inaziba katikati ya shamba, na ile nati ndogo ya plastiki, ikiwa na dawa iliyokaukia, haifunguki kwa vidole vyenye jasho. Wengi huuma kwa meno. Naandika hili kwa makusudi: meno ya mtu kwenye nozeli ya dawa ya kuua wadudu. Taya za chuma mfukoni, hata zikiwa dhaifu, hapo si starehe.

Ukishuka hadi Busega, ambako mkoa unagusa ziwa, mvuvi wa ndoano naye ana sababu zake. Kamongo ana taya zinazovunja makombe, na ndoano aliyoimeza huwa ndani ya taya hizo. Hapo zinakutana taya kwa taya, na mwenye kidole anachokipenda huchagua zile za chuma.

Sitaki kukiuza kitu kupita thamani yake. Kikoleo kinaharibu nati. Meno yake yakiteleza kwenye kona za nati yanazila, na nati iliyoliwa kona haikubali tena spana. Kila gereji ina kijana anayefokewa kwa hilo: "Dogo, hiyo si kazi ya plaizi, leta spana namba kumi!" Na naye hujibu, "Sawa fundi," huku akiendelea.

Upande mwingine kuna koleo kubwa ambalo Usukuma unalijua vizuri kuliko mikoa mingi, nalo halina uhusiano na waya. Maksai wa kukokota plau hapatikani bila kumhasi fahali, na chombo cha wataalamu wa mifugo kwa kazi hiyo ni badizo, kilichochukua jina la Napoleone Burdizzo, daktari wa mifugo wa Italia. Ni koleo kwa umbo na kwa nguvu: taya pana butu zinazoponda mishipa chini ya ngozi bila kuipasua. Wakati wa kuvalisha ng'ombe hereni za utambulisho, chombo kinachobana hereni masikioni ni koleo pia, ingawa wengi husema "mashine". Kwa hiyo lugha ya mkoa huu imezungukwa na makoleo kuliko inavyokiri. Limepewa jina la Mwitaliano, limepewa jina la Kiingereza, limeitwa mashine. Jina lake lenyewe limetumwa kuzoa mchanga.

Nirudi kwenye kisu. Historia yake ina mzaha. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kuliuzia jeshi la nchi yake kisu cha askari: makali, kifungua kopo, bisibisi na kitobolea. Bisibisi iliwekwa kwa sababu bunduki yao ilihitaji kufunguliwa kwa kusafishwa. Mwaka 1897 akasajili kile cha maofisa, chenye kizibuo. Yaani ofisa wa Uswisi alipata namna ya kufungua mvinyo miaka mingi kabla ya yeyote kufikiri kwamba angehitaji kubana kitu. Taya zilikuja baadaye sana, na zilikuja kama mgeni: kipande kimoja kati ya vingi, kikichomoza pembeni.

Aliyezipa taya kiti cha mbele ni Tim Leatherman wa Oregon, Marekani. Mwaka 1975 alizunguka Ulaya na mkewe kwa gari kuukuu lenye kuharibika kila mara, wakilala kwenye hoteli za bei rahisi zenye mabomba yanayovuja. Alikuwa na kisu cha mfukoni, na kila mara alichokikosa ni koleo. Akarudi nyumbani na wazo la kupindua mpango: koleo liwe mwili, kisu na bisibisi vikunjwe ndani ya mikono yake. Ilimchukua miaka hadi 1983 ndipo zana yake ya kwanza ikaingia sokoni. Vile vya mnadani kwetu, ukivitazama vizuri, vingi ni wajukuu wa huyu kuliko wa Elsener. Taya ziko katikati na vingine vyote vinaning'inia.

Hapa ndipo istilahi inapoanza kuuma. Cha Elsener ni kisu chenye kikoleo. Cha Leatherman ni kikoleo chenye kisu. Sisi vyote tunaviita "kisu", kwa sababu makali ndiyo yanayoogopesha na ndiyo yanayokatazwa. Jaribu kupita nacho kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege wa Mwanza ukiwa umekitia kwenye mkoba wa mkononi. Hakuna atakayekuuliza habari za bisibisi. Utaambiwa "una kisu", na utakiacha. Jina limefuata hofu, halikufuata kazi, ingawa mwenye kitu kile hubana, hukaza na kung'oa mara nyingi kuliko anavyokata.

Wako watakaosema tatizo limekwisha, tumia kibano. Ni neno zuri lililotoka kwenye kitenzi chake, kama kizibuo na kifunguo. Shida ni kwamba kibano kina mwenyewe. Ni kile chembamba kisicho na ribiti, cha kutolea mwiba kwenye nyama, kushikia pamba hospitalini au kung'olea nyusi. Hubanwa kwa kidole gumba na cha shahada na hurudi chenyewe kikiachwa. Kisu cha Uswisi mara nyingi huwa nacho pia, kimechomekwa kwenye ala upande wa nyuma. Ukiziita taya kibano, kibano utakiita nani? Zana mbili zilizolala ndani ya kisu kimoja hazistahili kupigania jina moja.

Plaizi ndogo? Linaeleweka kuanzia Bariadi hadi Maswa hadi Dar es Salaam, na hilo si jambo dogo. Sina kinyongo na neno la mkopo. Mkasi na msumari tulizipata kwa Waarabu, parafujo kwa Wareno, na leo hakuna anayezidai. Lakini plaizi ndogo ni maelezo, halijawa jina. Plaizi ndogo inaweza kuwa ile ya fundi redio, yenye mikono ya mpira mwekundu, isiyokunjwa popote. Na kwa kulikubali tunatia sahihi kwamba Kiswahili hakikuwahi kuwa na neno la kubana kwa chuma, jambo ambalo si kweli.

Mimi nasimama na kikoleo. Mwandishi wa kamusi atasema limepitwa na wakati kwa sababu koleo sasa ni la mchanga. Naona kinyume. Kwa kuwa koleo kubwa limekwenda kuzoa mchanga, umbo la udogo limebaki huru. Hakuna anayesema kikoleo akimaanisha beleshi la mtoto. Ki- hapa inafanya kazi mbili kwa bei moja: inadogosha, na inalitenga neno na ndugu yake aliyehama. Kiswahili kimewahi kufanya hivi. Kiti si mti mdogo kwa mtu anayekikalia. Umbo la ki- likishakaa muda wa kutosha, watu huacha kusikia udogo na kuanza kusikia kitu. Mhunzi wa zamani angelielewa bila kufafanuliwa, na fundi wa leo, nimeona, huelewa mara ya kwanza akiwa ameshika zana mkononi. Neno linalopita kwa hao wawili limepita mtihani ambao sifahamu mwingine ulio mgumu zaidi.

Neno istilahi lenyewe lilitoka Uarabuni, katika mzizi uleule uliotupa suluhu, usuluhishi na maslahi. Maana yake ya asili ni kukubaliana. Nasikitika kwamba mara nyingi tunaifanya kazi ya istilahi kana kwamba ni kutoa amri: kikao Dar es Salaam, jedwali lenye safu mbili, neno la Kiingereza kushoto na la Kiswahili kulia, mhuri. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, imefanya kazi kubwa ya kusanifisha, na bila hiyo masomo ya sayansi yangekuwa vurugu. Lakini katika suluhu lazima pande mbili ziwepo. Upande wa anayeandika upo siku zote. Upande wa aliyeshika zana, mwenye grisi mikononi na ka- mdomoni, huitwa mara chache, na akiitwa huulizwa kama anakubali neno ambalo limekwisha kuchapwa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wanaoandaa toleo lijalo la kamusi waweke ingizo la kikoleo katika ngeli ya ki-/vi-, wakieleza kwamba ni koleo dogo la kubania, kukunjia au kukatia waya, hasa lile linalokunjwa ndani ya kisu cha mfukoni. Kwenye koleo waweke maana zote mbili, ya mhunzi na ya mjenzi, bila kuifanya moja kuwa ya haki na nyingine ya mitaani. Walimu wa ufundi stadi nao, wanapotaja zana kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waanze na kikoleo kabla ya longnozi. Mwanafunzi atayapata yote mawili na hatapungukiwa na kitu.

Nawe msomaji, kama una kisu cha namna hiyo, kitoe mbele ya fundi baiskeli wako na utamke neno hili, kikoleo, kana kwamba umelisema tangu utotoni. Akilirudia akasema kakoleo, usimsahihishe.